Siku Lilipoamka Gari la Nyange

Wete, Pemba
Jumapili asubuhi

Kwa shemeji yangu Nassor,

Kabla hujaendelea, nakuomba kwa haki ya udugu wetu: isome barua hii peke yako, na kila neno lake libaki kifuani mwako. Usimsomee mwenyeji wako hapo Tanga, wala usimwonyeshe Bakari aliyekuletea. Ukimaliza, ichane. Mimi ni karani tu, na ninayoyaandika humu yanatosha kunitoa kazini.

Baada ya hayo, assalaam alaykum. U hali gani? Kifua chako kimepata nafuu, au hewa ya huko haijakukubali? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua, lakini kila siku anakwenda shamba na kurudi akilalamika kwamba wachumaji wa siku hizi wanavunja matawi. Karafuu mwaka huu zimejaa. Harufu yake imeingia kila mahali, hata ofisini ukifungua faili inakupanda puani, na mtu akisinzia kidogo mezani huota yuko shamba.

Dada Asya yuko Vitongoji kwa mama tangu asubuhi ile uliyotokomea. Halii. Angelia ningepata la kumwambia. Anakaa barazani akichambua karafuu, na mtu akilitaja jina lako anauliza kama maji yameshatekwa. Jirani yetu Bi Ummkulthum keshamjaza maneno, kwamba mwanamume hakimbilii Tanga bure, huko kuna mke, tena pengine na watoto wanaosoma. Mama alimjibu kwamba mume wa Ummkulthum hajawahi kukimbia kwa sababu hajawahi kuamka. Tulicheka sote isipokuwa dada. Yeye ameapa kuwa msimu ukimalizika atakwenda kwa kadhi kudai talaka yake. Wewe unamjua, neno lake ni moja. Na msimu umebaki kidogo.

Sasa nikueleze jambo tulilokuficha. Unalikumbuka lile gari bovu la Kirusi lililokuwa uani kwa Nyange, fundi wa hapa Wete, alilolinunua mnadani jeshi lilipolitupa. Uliliona mara moja tu, halina magurudumu, mpapai umepenya kwenye boneti, ukasema Nyange anauguza maiti. Maneno yako yalitufikia, yakatupa ari.

Mimi nilianza kwenda pale Ijumaa baada ya sala, kutazama tu. Wajua nilivyo. Ofisini mlango ukigongwa moyo hunidunda. Lakini nilipolala chini ya gari lile, nati zimeloweshwa mafuta ya taa zinangoja kulegea, nilipata utulivu kama wa mtu aliyezama kwenye maji ya uvuguvugu. Jua lilipita kwenye matundu ya kutu likanidondokea usoni kama nyota za mchana. Nyange hakuwa na haraka. Kabureta alilifungua na kulifunga, akalifungua tena, akisema chuma kikilazimishwa hununa. Hatukuwa na kazi nalo gari lile, wala hatukulitakia biashara. Tulitaka kulisikia tu.

Dada naye aliingia katika siri hiyo. Kila alipokuja mjini kunitazama alikaa kivulini kwa Nyange akishona turubali la nyuma. Wewe alikwambia ni la kufunikia karafuu mvua ikija. Alisema siku gari litakapokwenda, safari ya kwanza ni Makangale, nyumbani kwenu, akakufumbe mdomo mbele ya majirani. Nilimsihi Nyange alipake rangi nyingine, maana raia hana ruhusa ya kuendesha gari lenye rangi ya jeshi. Alinitazama kana kwamba nimemwambia ambadilishe mwanawe jina. Baadaye, yakhe, akasema, kwanza litembee.

Likatembea. Jumamosi ile injini ilikohoa, ikanyamaza, kisha ikaanza kunguruma taratibu, kama mtu mzima anayeamshwa na hataki kuamka kwa haraka. Nyange alishika usukani, dada alikaa katikati, nami dirishani, nimevaa koti la kaki la Nyange ili nisichafue shati langu la kazini. Tuliingia msitu wa Ngezi ukungu haujaondoka. Miti ilikuwa imefungana juu yetu, popo wamening'inia kama matunda meusi, na gari likaenda kana kwamba halikanyagi ardhi. Tulipotokeza upande wa pili, watu waliokuwa wakianika karafuu kwenye majamvi waliinuka wakatutazama bila kutusalimu. Mzee mmoja alinipigia saluti. Nami, shemeji, nikairudisha. Mpaka leo sijui mkono ule uliinuliwa na nani.

Tulipoikaribia nyumba yenu, dada aliinama ili usimwone, anaziba kicheko kwa ncha ya mtandio. Nyange akapiga honi. Dada akainuka, mikono ameifungua, akauona mgongo wako ukizama katika mikoko.

Basi wanajeshi uliowakimbia ndio sisi. Hapakuwa na amri ya kukukamata, wala askari hata mmoja. Palikuwa na fundi, karani mwoga, na mkeo.

Mwanzo hata mimi sikuelewa. Dada alisema mtu asiye na kosa hakimbii gari, kwa hiyo umemkimbia yeye. Anaapa mlitazamana. Kisha Bakari aliporudi na chombo chake alinivuta pembeni, akaniambia kuwa ndiye aliyekuvusha, na kwamba njia nzima ulikuwa ukisema wamekujia kwa ajili ya magendo ya karafuu. Hapo akili ikanirudi. Msimu wa karafuu, jeshi likiwasaka wanaozivusha, gari la kijani likiingia kijijini, nani atafikiri limekuja kutembea? Sisi tulikuwa tunaota, tukasahau kwamba wenzetu wako macho.

Nilikwenda Makangale kwa kisingizio cha kuwatazama mbuzi wenu. Magunia nimeyakuta nyuma ya banda, chini ya makuti. Nilikaa juu yake, nikafikiri kama karani. Karafuu ni za mikarafuu yako mwenyewe. Hazijapanda chombo, hazijavuka maji. Kosa ulilikusudia, hukulitenda. Nyange akaleta gari, ambalo sasa tumelipaka buluu, tukazipeleka kituo cha serikali cha kununulia kwa jina lako, mchana, mbele za watu. Mpimaji alilalamika tu kwamba hazikukauka sawasawa. Haki yako nimekuwekea.

Ofisini bado hapajatulia. Mkubwa wangu alisikia kuna gari la jeshi lisilojulikana limeingia Makangale, akaniagiza mimi, mimi shemeji, nimwandikie sheha, mkuu wa hapo kijijini, kuuliza ni la nani na ndani alikuwamo nani. Nimeiandika barua ile kwa adabu zote. Sheha hajajibu, na kila akiingia mtu mwenye kofia nzuri nadhani ndiye, natamani kujificha chini ya meza.

Habari ya magunia sijamwambia dada. Si yangu kuisema. Hiyo ni ya mume kumwambia mkewe. Lakini ukinyamaza hadi msimu uishe, nitaisema mwenyewe. Bora akukasirikie kwa ulilotaka kulifanya kuliko kwa mke wa Tanga ambaye, inshallah, hayupo.

Pokea salamu za mama, ingawa hajui kama nakuletea. Nyange anakusalimu na anakutaka radhi kwa ile honi. Mungu akuhifadhi na akurejeshe kwa wema.

Nduguyo mwenye hofu,
Haroub Khatib

Namna ya kunipata: ofisini usipige, simu iko mezani kwa mkubwa. Mwombe Bakari namba yangu mpya, hakuna mwingine anayeijua. Piga Ijumaa alasiri, nitakuwa Vitongoji. Nitapokea mimi na jina lako sitalitaja. Nitampa dada simu mkononi, kisha nitatoka nje. Ukisikia kimya, usikate. Atakuwa ni yeye.