Chuma cha Mguuni

Jumatatu, 4 Machi
Mume wangu ameanguka kutoka paa la watu. Letu linavuja tangu mwaka juzi! Paja limevunjika. Mguu wameufunga kamba, kamba inaning'iniza chuma mwisho wa kitanda, ivute mfupa ukae sawa mpaka siku ya upasuaji. Daktari ameonya — chuma hicho mtu asikiguse. Mwenyewe analalamika chai haina sukari. Basi mzima huyo.

Jumanne, 5 Machi
Nimetoka kufua tu, narudi — chuma kiko sakafuni! Shemeji. Kaka yake mkubwa, ukoo mzima unamwita Mjuaji, na jina analipenda. Eti mgonjwa alikuwa anaumia, akamwonea huruma, akampumzisha kidogo. Na akamgeuza ubavu amkande mgongo! Nimemwita nesi; amefoka, amekirudisha. Mama mkwe amenuna. Ameninunia mimi! Eti nimemtia mwanawe mkubwa aibu mbele za watu.

Jumatano, 6 Machi
Mume wangu anahema kama aliyefukuzwa. Ananiuliza ngazi yake iko wapi, namjibu, anauliza tena. Vidoa vyekundu kifuani na kwapani. Mama mkwe anasema ni pombe inamtoka. Pombe gani? Mtu hata soda hamalizi! Mjuaji anasema ni usingizi wa dawa, tumwache. Nimekwenda kumvuta nesi mwenyewe. Jioni hajibu tena. Wamemhamishia wodi ya wagonjwa mahututi.

Alhamisi, 7 Machi
Daktari anasema mafuta ya ndani ya mfupa yameingia kwenye damu, yakaenda mapafuni, yakafika ubongoni. Nimeuliza: ni kile chuma? Akasema hali hii huwapata hata waliotulia, ila mfupa uliovunjika hautaki kuchezewa. Atarudi? Wengi hurudi. Tusubiri.
Tusubiri! Nina hasira mpaka meno yanauma. Shemeji yuko kwenye benchi nje. Leo hajui kitu.

Jumamosi, 9 Machi
Amefumbua macho! Wamemtoa mpira wa hewa kooni. Amemwona kaka yake, akatabasamu: Mjuaji, umekuja. Kisha akaniangalia mimi. Sista, naomba maji, tafadhali.
Tafadhali! Ndoa nzima sijawahi kuisikia. Nimempa maji kwa kijiko, kama nesi. Nikaenda kulia chooni.
Nimerudi. Anamnong'oneza kaka yake mguu unauma, amtolee hicho chuma. Shemeji machozi yanamtoka. Ameinuka, anakiendea chuma. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umekamata shati lake, naye bado anavuta —