Miezi Minne ya Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha kwanza cha jopo la wananchi. Watu saba, viti kumi na viwili, feni yenye kelele kuliko wasemaji. Mkuu wa mradi — ofisini tunamwita Asilimia, maana hata chai hawezi kuisifu bila kutaja kiwango — aliwaeleza kazi yetu: kujua waganga, wauguzi na wakunga wangapi wanahitajika, na wapi. Bila nyinyi utafiti huu si kitu, akawaambia. Makofi. Wakasaini karatasi ya mahudhurio, kikao kikaanza.

Shangazi nimemleta mimi. Jopo lilikuwa limepungukiwa na mwanamke mmoja. Nikampigia simu, akafunika cherehani, akaja na gauni lake la kwendea harusi. Alinitazama kama vile jengo zima ni langu. Nilivimba kichwa, sikatai.

Jumatano, 5 Machi

Bora ningeamka na homa leo! Kikao cha pili cha jopo, Asilimia kaonyesha jedwali la zahanati zitakazopunguziwa watumishi. Ya nne kwenye orodha: ya mtaani kwa Shangazi. Wana mkunga mmoja tu, naye ahamishwe. Sababu: wanaojifungua ni wachache, na Septemba mpaka Desemba hakuna hata mmoja.

Fundi baiskeli, jirani wa Shangazi, aliyekuja kusikiliza tu bila kuwa mwanajopo, alicheka waziwazi. Akauliza kama wanawake wa kwao waligoma. Kisha Shangazi akasimama — yeye ambaye mikutanoni hukaa kimya! — akasema Novemba alimshika mkono mwenzake akijifungua pale pale, na mtoto yupo, anajipindua kitandani sasa. Akauliza aliyehesabu ni nani.

Asilimia kajibu kwamba takwimu zilikusanywa na wataalamu waliofika kila zahanati.

Mtaalamu mwenyewe ni mimi. Niliinamia kompyuta nikajifanya naandika kumbukumbu. Nimeangalia baadaye: mstari mzima wa herufi a.

Ijumaa, 7 Machi

Niseme hapa, maana kwingine sina mdomo. Januari nilifika zahanati ile saa saba mchana. Rejista ya uzazi ilikuwa imejaa, ukurasa wa mwisho ni wa Agosti. Mkunga akaniambia wameomba nyingine, haijaja, kwa hiyo wanaandika kwenye daftari la shule. Akaninyooshea kidole: lile pale, juu ya mzani wa watoto. Mara mama mmoja akapiga ukelele chumba cha pili. Mkunga akakimbia, akaniomba nimsubiri kidogo.

Dereva akapiga honi. Nikaondoka.

Hatua nne tu! Ningenyoosha mkono ningelifikia. Garini nikajaza fomu kwenye simu. Fomu ile haikubali nafasi tupu, lakini sifuri inaimeza bila kuuliza. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Nikala karanga zangu.

Ili zahanati ibaki na mkunga, hesabu ya mradi inataka wastani wa wazazi sita kwa mwezi. Kwa sifuri zangu, wamepata watano.

Sikuhongwa, sikuwa na chuki na mtu. Uvivu na honi, basi.

Jumanne, 11 Machi

Nimejikaza, nimeingia kwa Asilimia. Nilifanya mazoezi ya kusema mbele ya kioo cha chooni, sentensi tatu. Nikatoa moja: huenda kuna tatizo la rejista kwenye ile zahanati ya nne. Hakuinua kichwa. Akauliza fomu ni ya nani. Yangu, nikasema. Uliihakiki? Nikasema nimeihakiki.

Ulimi wangu mwenyewe! Akanishukuru. Akanipa karatasi za kuskani kwa ajili ya ripoti. Nikazipokea kwa mikono miwili kama mtoto mwenye adabu.

Alhamisi, 13 Machi

Ripoti imetoka. Jalada zuri, kijani. Ukurasa wa kumi na nne: wananchi walishirikishwa kikamilifu na wakaridhia mapendekezo. Chini yake sahihi saba.

Ni ile karatasi ya mahudhurio ya Jumatatu! Walisaini kuonyesha kwamba wamefika, si zaidi. Kichwa cha karatasi hakipo. Nilikikata mimi, juzi, wakati wa kuskani. Asilimia alisema kinakula nafasi. Nilijua nakata nini. Nilijua kabisa, nikakata na kunyoosha ukingo usiende upande.

Sahihi ya Shangazi ni jina lake lote, herufi kubwa, moja moja. Aliandika taratibu ili asiniaibishe.

Jumapili, 16 Machi

Niko kwa Shangazi. Aliniita asubuhi, akaniambia nije na hiyo ripoti.

Mkunga ameshapata barua, mwisho wa mwezi anaondoka. Mkwe wa Shangazi ana mimba ya miezi minane. Yuko ukumbini, kaegemea mto, ananitania kwamba nisome upesi kabla hajaniharibia siku.

Fundi baiskeli naye ana nakala, na mtaa mzima umeshaiona sahihi. Wanasema Shangazi amemuuza mkunga. Jana wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao, havijaguswa hata na mkasi. Hawakumsalimu.

Yeye hana wasiwasi, na hilo ndilo linaloniua. Kawaambia mwanangu anafanya kazi mle mle, atakuja kuwasomea, mtasikia wenyewe. Kakodi mabenchi kwa jirani. Nimemwomba dakika kumi za kujiandaa, nimejifungia chumba cha cherehani, naandika juu ya gauni la mtu. Karibu wanawake ishirini huko nje. Nawasikia.

Ameniambia: "Usome yote, Msomi wangu. Usiruke hata neno. Wasije wakasema unanipendelea."

Mkunga amefika. Namwona kwa upenyo wa pazia, kalikumbatia daftari lile lile, pembe zimeshajikunja. Shangazi anamwonyesha mlango wangu, anamwambia mtaalamu yuko humu. Mkunga anauliza huyo mtaalamu yukoje, mrefu? Ana kovu kidevuni?

Shangazi kacheka. Ndiye huyo huyo, anasema, kumbe mnajuana!

Ananiita. Mara ya pili sasa. Nimejibu naja, natafuta ukurasa —