Jino la Kalinga na Njaa ya Ugogo

Mpendwa Mshauri, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanitupa kapuni, maana nimefanya jambo jema kwa njia mbaya na sasa limenikwama kooni. Mimi ni fundi cherehani hapa Iyunga, shule niliishia darasa la pili, mengine nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia sukari, na kila Jumamosi watu hukusanyika mgahawani kwa Mama Atuganile niwasomee gazeti lenu, kwa kuwa wengi hawajui kusoma, na wanaojua wamesahau miwani nyumbani tangu vita viishe.

Basi Mshauri, tangu huyu mpiga gitaa wa Iringa, Liberatus Kalinga, atoe santuri yake, sina tena raha ya kusoma, maana wanalotaka ni Kalinga tu, amevaa nini, anamwoa nani, kichwani anapaka mafuta gani, na mwezi uliopita mlipoandika kwamba ameng'olewa jino, watu waliacha chai ikapoa, na Jumapili kanisani likaombewa hilo jino, Mshauri, jino, tena tukisimama.

Siku ile ile ya jino nilikuwa nimewasomea habari za Ugogo, kule Dodoma, kwamba mvua imekataa mwaka wa pili, ng'ombe wamekwisha, watu wanachemsha ngozi walizokuwa wakilalia, na akina mama wanatembea siku mbili na watoto mgongoni kutafuta chakula, wengine wanafika na mtoto, wengine wanafika na kanga tupu. Mzee Isakwisa, ambaye mahindi yake ya mwaka juzi yako darini yanaliwa na panya, akaniambia, "Fundi, hao wako mbali. Pita hapo. Kalinga je, bado kavimba shavu?"

Nikapandwa na hasira. Jumamosi iliyofuata nikafungua gazeti nikasoma kisichoandikwa, kwamba Kalinga ameapa hatashika gitaa mpaka Wagogo wapate chakula, na anaomba kila nyumba ya Mbeya debe moja la mahindi. Nilidhani watacheka. Kufika Jumatano, madebe sitini na mawili yako stoo ya kanisa, na la kwanza ni la Mzee Isakwisa, kalileta begani mwenyewe huku machozi yanamtoka, anasema, "Maskini kijana wa watu, atakaaje bila gitaa?"

Ningeishia hapo ningekuwa salama, lakini Mama Damari, mkubwa wa akina mama wa kanisa, aliponiuliza nani atakuja kuyachukua mahindi, ulimi ukanitangulia nikajibu, Kalinga mwenyewe. Sasa Mwinjilisti Eliezeri amepata lori la kwenda Dodoma, litapita hapa Jumatatu ya mwisho wa mwezi, na akina mama wameshika mlango wa stoo wanasema mahindi hayatoki mpaka Kalinga ayaguse kwa mkono wake, tena wameshonesha sare za kumpokea, magauni kumi na tisa, na aliyeyashona ni mimi. Nikisema kweli, nachelea kila mtu atabeba debe lake na mimi watanihamisha mtaa. Nikinyamaza, lori litapita tupu na fukusi watakula cha Wagogo. Nimewaza niwasomee tena kwamba Kalinga ameumwa jino la pili, hawezi safari, lori amelituma yeye. Wataamini. Je, nifanye hivyo? Jina langu tafadhali usilitaje.

Fundi, Iyunga


JIBU

Fundi, jina nimelificha kama ulivyoomba. Iyunga mna mafundi wangapi, hilo si kazi yangu.

Barua yako imekuja pamoja na nyingine thelathini na moja. Ishirini na tisa zinamuulizia Kalinga, mbili zinaulizia mahari. Iliyotaja njaa ni ya kwako peke yake, nayo ni kwa sababu umebanwa. Kwa hiyo sikushangai. Nimechoka tu.

Pole kwa hasira yako. Ilikuwa ya haki. Na sisi wa gazeti tusijitie usafi: jino tuliliweka ukurasa wa kwanza na picha, njaa tukaiweka wa sita, chini ya tangazo la sabuni. Mtu hula alichopakuliwa.

Lakini asiyejua kusoma akikupa masikio yake, amekupa na macho. Hayo ndiyo uliyoyachezea. Halafu magauni kumi na tisa! Ungeweza kukiri kilipoletwa kitambaa cha kwanza. Wewe ulingoja mpaka umalize pindo la mwisho.

Unauliza uongo wa pili. Utafaa, tena sana, na lori litajaa. Mwezi ujao Ugogo itakuwa bado haina mvua, na watu wako watakaa wakingoja Kalinga aumwe tena. Hana meno ya kutosha.

Fanya hivi. Nimemwomba Mhariri aichape barua yako ubavuni mwa picha mpya ya Kalinga, ili Jumamosi wasikubali uiache. Isome yote pamoja na jibu hili, kwa sauti ile ile uliyosomea uongo.

Nanyi mnaomsikiliza: Kalinga hakusema neno, na haji. Anayetaka debe lake aende stoo mchana, ataje jina lake kwa Mwinjilisti, alibebe mbele ya majirani. Ni haki yake, asizuiwe, asizomewe. Mama Damari, sare zenu msizifungie sandukuni, zivaeni Jumatatu mkapakie lori. Nawe Mzee Isakwisa, ulimlilia mtu ambaye hujamwona hata siku moja. Kalinga naye yuko mbali, mzee wangu. Basi kumbe unaweza.

Fundi, nirudi kwako. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta debe lako katika yale sitini na mawili, sikuliona. Ukifika hapa katika kusoma, weka gazeti mezani, usingoje maswali. Nenda nyumbani ukalilete.