Kiwanja cha Baba na Bustani za Guangzhou

Jumatatu, 5 Aprili 1999

Kiwandani tena. Viatu vya watoto, soli zimebandikwa upande. Kila ninachomwambia laoban, bosi wao, jibu ni moja: mei you. Hakuna. Hakuna gundi nyingine, hakuna fundi mwingine. Nikaona nitagombana bure. Nikaondoka, nikaenda Yuexiu.

Bustani ya Yuexiu iko karibu na chumba changu hapa Xiaobei, na kila siku naipita mbio. Leo nimeitazama. Vilima, maziwa, ngazi kila mahali. Juu kabisa sanamu ya mbuzi watano wa mawe. Mji wote huu mkubwa na alama yake ni mbuzi. Nimewapenda.

Misufi yao ina maua mekundu, makubwa kama kikombe. Akina bibi wanayaokota yakianguka, wanayaanika, wanayapika supu. Sisi msufi tunaujua kwa mito ya kulalia tu. Nimeokota moja, nimelinusa. Halina harufu.

Leo ni siku yao ya kuzuru makaburi. Mzee Liang, mwenye nyumba wangu, aliondoka asubuhi na kuku mzima wa kuchemsha, anampelekea marehemu baba yake. Alasiri amerudi na kuku yuleyule, wamekaa wamemla. Nikamuuliza, akasema baba ameshakula harufu. Nimecheka peke yangu ngazini.

Halafu nikamkumbuka Baba. Na kiwanja chake kule Tanga, nyuma ya nyumba ya Mama, alipokuwa na bustani yake, ambacho sasa ni vumbi na magugu. Mdogo wangu Shafii anataka kujenga ghala. Ana mtu wa saruji anayesubiri kulikodi. Mimi dada yake nataka bustani ya kupumzikia, watu waje na watoto wao, maharusi wapige picha. Mama kasema tutakachokubaliana wawili ndicho hicho. Shafii anakuja wiki ijayo kwa maonyesho ya biashara. Akirudi nyumbani ataanza kuchimba msingi, isipokuwa nimemgeuza kabla.

Alhamisi, 8 Aprili

Bustani ya maua ya okidi, ng'ambo ya barabara kutoka Yuexiu. Nimejaribu kupatana bei ya kiingilio. Mazoea ya sokoni. Yule dada wa dirishani alicheka mpaka akamwita mwenzake aje anione.

Ndani kimya. Okidi kwenye vyungu, okidi zimening'inizwa, nyingine hazina hata maua, majani tu, na watu wanayatazama hayo majani kwa heshima. Ukuta una tundu la mviringo. Unachungulia unaona mianzi, unadhani kuna msitu mzima, ukizunguka unakuta mianzi mitano na jiwe. Nimedanganyika mara mbili.

Nimekumbuka Italia, miaka ile nikinunua viatu Napoli. Walinipeleka Caserta, bustani ya mfalme wao wa zamani. Ukisimama mlangoni unaona yote, maji yamenyooka mpaka mlimani. Nilitembea mpaka visigino vikachubuka. Mfalme yule alikuwa na ardhi nyingi, na alitaka ujue. Hawa wa hapa wana ardhi kidogo na hawataki ujue.

Kiwanja cha Baba ni kidogo. Kwa hiyo njia isinyooke. Ipinde, ipinde tena, mgeni asione mwisho. Nimefurahi sana na wazo hili. Ni la kuiba, lakini nimelipenda.

Jumapili, 11 Aprili

Mlima Baiyun. Miguu inawaka moto.

Nilidhani nitakuta watalii. Nimekuta wazee na madumu. Wanapanda mlima na madumu matupu, wanayajaza kwenye chemchemi, wanateremka nayo mabegani. Maji ya bomba wanayo majumbani. Haya ni ya chai tu. Kwetu ukimwona mtu anateremka mlima na madumu mawili unamwonea huruma, unamuuliza mabomba yao yamekuwaje. Hapa ndiyo starehe ya Jumapili. Bibi mmoja amenipa kikombe, nimekunywa. Maji ya kawaida, baridi. Alinikazia macho mpaka nikasema matamu.

Wengine wanatembea kinyumenyume. Kwa afya, wanasema. Nimejaribu hatua chache, nimemgonga baba wa watu.

Vesuvio, ule mlima wa moto wa Napoli, nilipanda na viatu vya kuuza, vikajaa jivu. Juu shimo na moshi kidogo, basi. Niliwauliza wenyeji kwa nini wanajenga chini ya mlima unaoua. Wakasema udongo wake unazaa. Na kweli, pwani ile ng'ambo ya mlima wamepanda malimau kwenye miamba, ngazi kwa ngazi, kila mlimau umefunikwa wavu. Nilijiuliza nani anapanda huko kila siku kuyahudumia. Sikumuona mtu.

Bustani ya Tanga itakuwa na malimau. Nimeamua.

Jumatano, 14 Aprili

Naogopa. Niseme ukweli, kwani nani anasoma hapa.

Shafii anaingia kesho. Hatujaongea vizuri tangu Idi. Kila nikipiga simu nikitaja bustani anaongelea mvua, bei ya mafuta, mtu wa saruji. Si mtu wa kelele. Angepiga kelele ningejua nimshike wapi.

Nimepanga nimtembeze kwanza, maneno baadaye. Macho yatamshawishi kuliko mimi.

Ijumaa, 16 Aprili

Kafika. Kanenepa. Begi moja la nguo, jingine tupu la kubebea sampuli, na achari ya embe ya Mama imevujia shati zake zote. Chumba chote kinanuka kwetu. Nimekula wali kwa achari hiyo mpaka tumbo likauma.

Tumeswali Ijumaa pale kwenye kaburi la Sahaba. Hivyo ndivyo wanavyoliita, wanasema ni sahaba wa Mtume aliyekuja huku kwa merikebu. Miti mikubwa, ukuta wa kale, wazee wa Kichina na kofia nyeupe. Shafii kaguswa, nimemwona. Bustani ya okidi iko ukuta wa pili, nikaona bahati ndiyo hii. Nikampeleka moja kwa moja.

Katembea mikono nyuma. Kafika kwenye tundu la mviringo, kachungulia, kauliza eneo zima linaingia makontena mangapi. Nikamwambia tazama maua. Akasema anayatazama.

Nimeudhika. Nimemnunulia chai nikanywa yangu nimempa kisogo.

Jumapili, 18 Aprili

Siku njema. Niandike yote nisisahau.

Nimempeleka Yuexiu asubuhi, sikutegemea kitu. Mbuzi wa mawe hakuwajali. Ziwani hakutaka mashua. Tukaingia kwenye miti, ndipo tulipowakuta wazee na ndege. Wanakuja na vitundu vya mianzi vimefunikwa kitambaa, wanavitundika matawini, wanafunua, wanakaa kunywa chai. Ndege wanashindana kuimba. Wazee hawasemi na mtu. Kazi yao wamemaliza, wameshawatembeza ndege.

Shafii kasimama pale. Kasimama sana. Mzee mmoja kamsogezea kigoda, kakaa, kapewa kikombe. Hawana lugha hata moja ya pamoja. Nikaenda nikazunguka ziwa nikarudi, bado yupo, kainamisha kichwa anasikiliza. Sijawahi kumwona ametulia hivi tangu msiba wa Baba.

Watu walikuja kumtazama yeye, Mwafrika mnene juu ya kigoda kidogo. Hakuwaona.

Tukiteremka ngazi akasema, bila kunitazama, haya Dada, tufanye bustani.

Niliogopa nikisema neno atabadilika. Nimefika chumbani nimesujudu.

Jumanne, 20 Aprili

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Kaniambia twende sokoni ana jambo la kunifurahisha. Soko la jumla la maua. Ghorofa nzima ya maua ya plastiki. Waridi za plastiki, okidi za plastiki, malimau ya plastiki kwenye miti ya plastiki. Majani ya kubandika ukutani, yanauzwa kwa mita. Mabata maji wasiozama. Shafii katikati yao anang'aa uso, mwenye duka anamwita laoban kila pumzi.

Ameagiza kontena zima. La bustani ya Baba.

Nilisema maneno mbele ya watu. Kwamba ana macho ya ghala. Kwamba Baba angemfukuza na mabata yake. Mwenye duka hakuelewa Kiswahili lakini alielewa, alianza kupanga upya waridi zilizokuwa zimepangwa. Tumerudi kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma.

Ni wachuuzi tu sisi. Mtu anaona ndege wanaimba asubuhi, mchana anakwenda kununua bidhaa. Hata mimi nisijitoe. Lakini plastiki.

Jumatano, 21 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi kabisha hodi, kasema twende tukatembee, yeye ndiye achague. Tukaenda ziwa la Liuhua. Watu wanacheza dansi asubuhi kweupe, waume na wake, nguo za kazini. Tukakaa kwenye benchi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kaniwahi.

"Ya plastiki hayafi, Dada."

Halafu akasema yote, taratibu, huku anatazama maji. Baba alipofariki bustani ilikuwa bado nzima. Asumini, mrehani, milangilangi, ile mikadi ya Mama. Mimi nilijua imekufa kwa ukame wa mwaka tisini na saba, niliandikiwa hivyo. Nikasikitika, nikaendelea na safari. Sikuuliza ilikufaje.

Ilikufa mikononi mwake. Mabomba yalikauka, akawa anabeba maji kwa baiskeli kutoka kisima cha mbali, kila siku kabla ya kufungua duka. Maji ya Mama kwanza, yanayobaki ndiyo ya maua. Akaanza kuchagua. Leo asumini, kesho mlangilangi. Yale aliyoyaruka yakafa. Kisha aliyoyachagua nayo yakafa. Mama alikaa dirishani, kila jioni aliuliza lipi limebaki. Mvua zilipokuja, zile kubwa zilizobomoa madaraja, hapakuwa na cha kunywesha. Aling'oa visiki mwenyewe.

"Na wewe ulitutumia picha ya maji," akasema. "Ile kadi ya bustani ya mfalme, maji yanamwagika ngazi kwa ngazi. Mama aliibandika ukutani. Mimi nikipita na ndoo naiona."

Nilitaka kusema sikujua. Ni kweli sikujua. Nikaona aibu kulisema.

Yule mzee wa ndege, akaendelea, anamtembeza ndege wake kila asubuhi, hakosi. Shafii alimuuliza kwa vidole, mvua je, mzee akamwonyesha mwavuli. Ndiyo maana alikubali bustani. Na ndiyo maana akanunua plastiki. Kwa sababu yeye ana duka na watoto watano, mimi nina Guangzhou, na baada ya Guangzhou nitapata mji mwingine.

"Nani atamwagilia?" akaniuliza. "Niambie jina tu."

Tumekaa mpaka wacheza dansi wakazima redio yao wakaenda kazini.

Nimezunguka bustani za watu Ulaya na Asia nikiona njia, maji, maua, malimau. Watu wenye mpira na ndoo nimewapita wote. Hata okidi zile, mtu anazinywesha. Nimeona uchungu kwa ajili ya Shafii kuliko niliouona siku ya mazishi.

Ijumaa, 23 Aprili

Mvua ndogo tangu alfajiri. Nimekwenda peke yangu kwenye okidi, dada wa dirishani kanipungia mkono. Ndani mama mmoja mwenye koti la mvua anafuta majani kwa kitambaa, jani moja moja. Nimesimama nikamtazama mpaka akanipa kitambaa cha pili. Nimefuta chungu kizima. Kazi ya kuchosha, mgongo unauma, na kesho yake unaanza upya. Niliipenda nusu yake.

Nimemwambia Shafii tukinywa chai. Viatu achukue yeye, aje mara mbili kwa mwaka, kiwanda namwachia na laoban wake. Maua ya plastiki akayauze Dar kwa wapambaji wa kumbi, wataling'ang'ania kontena. Kanitazama kama ananipima. Akasema mwanzo kutakuwa kugumu, mimi si mtu wa kukaa. Nikasema najua.

Mtu wa saruji, Shafii atamjibu mwenyewe.

Mzee Liang nimempa taarifa ya chumba, kwamba sasa atakuwa anafikia Shafii. Kasikitika kidogo, kisha kauliza kama mdogo wangu anakoroma.

Baada ya swala ya Ijumaa nimepiga simu Tanga, kwa jirani, wakamwita Mama. Nilimsikia anakuja na ndara zake. Nikamwambia narudi mwezi ujao. Akauliza kwa siku ngapi, atandike chumba kipi. Nikasema narudi kukaa, nafufua bustani ya Baba, nitaimwagilia mimi.

Nikadhani laini imekatika, nikaita Mama, Mama.

Akasema basi ninunue mpira wa maji hukohuko, mrefu, wa Tanga unapasuka.