Umesema Niweke Pamba Nzuri

Dada Truphena,

Watu huanza barua na "mpendwa". Nimejaribu kuliandika neno hilo na kalamu imekataa, kwa hiyo nakuita dada tu. Hilo hata nikitaka kulifuta siwezi, tulizaliwa nalo.

Jumamosi Mama Jescah, jirani yako wa huko nyumbani, alifika hapa na furushi lako. Nilimpa chai, akalifungua mwenyewe mezani. Ndani mlikuwa na uso wa kwilti ya kumfunikia mtoto, vipande vya buluu na manjano vilivyoungwa, mshono wako ule wa kubana ambao ningeutambua hata macho yangu yakifungwa kitambaa. Akasema ni ya mjukuu wako wa kwanza, mtoto wa Evalini, na kwamba wewe macho hayaoni tena tundu la sindano, basi nikumalizie mimi: nitie pamba katikati, nishone mgongo, nizungushe ukingo. Kisha akakumbuka jambo, akacheka kidogo.

"Na amesema nikuambie uweke pamba mzuri."

Nilisukuma kikombe kando. Mama Jescah akauliza kama tumbo linaniuma. Nikamwambia ndiyo, na sikuwa nadanganya, maana mimi kinyaa kikinishika huanzia tumboni. Wewe, Truphena, kati ya watu wote walio hai, kuniagiza mimi pamba nzuri. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Sasa nikukumbushe, usije ukasema uzee umekusahaulisha. Nitaanzia kwenye fremu, kwa sababu hapo bado nakupenda.

Ulikuwa yaya kule Spring Valley, kwa yule mama wa Kizungu aliyeshona kwilti verandani mchana kutwa. Uhuru ulipokuja alifunga masanduku yake arudi kwao. Mbwa wake aliwagawa kwa marafiki, na wewe akakuachia ile fremu kubwa ya mbao ya kutandazia kwilti, si kwa ukarimu, bali kwa sababu haikuingia kwenye sanduku lolote. Tuliibeba kwa miguu mpaka kwangu karibu na Kenyatta Market, wewe mbele, mimi nyuma. Westlands mzee mmoja alituuliza tumeng'oa mlango wa nani. Ulimjibu, "Wako, baba. Rudi nyumbani uangalie." Nilicheka mpaka nikaiangusha ncha yangu kwenye mtaro.

Mume wangu alirudi jioni kutoka ofisini mjini akakuta viti vya sebuleni viko nje na fremu imejaza chumba kizima. Siku hiyo alikula ugali wake jikoni, na akaendelea kula huko miaka yote tuliyoshona. Mgeni aliyetaka kuingia ilibidi apite chini ya fremu. Hata mchungaji alipita akiwa na Biblia kwapani, nawe ukamwambia kwa heshima zote, "Pasta, hii nyumba kila mtu anainama." Yule mtu alirudi kutusalimia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ulinifundisha kazi. Wake za mabalozi na wake za mameneja wa Spring Valley walituletea nyuso walizoshona wenyewe, nyingine zimepinda kona zote, nasi tukazinyoosha na kuzimaliza. Uso pekee ni kitambaa tu; mtu halali joto mpaka utiwe pamba. Akina mama wa kanisa nao wakaanza kuleta za watoto yatima, wameunga mabaki waliyookota kwa mafundi cherehani wa Biashara Street, kaki ya sare juu ya suti ya harusi. Makubaliano yalikuwa mepesi: kanisa linatoa pamba, sisi tunatoa mikono. Siku moja ulinikuta natandaza pamba nyembamba kwenye ya yatima, nikifikiri ni vyema kuibania. Ulinipiga kofi la mkononi.

"Usingizi haujui nani amelipa," ukasema. "Weka kama ya memsabu."

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Nilikuwa nikiwaambia watu, haya ni ya dada yangu.

Kazi ilipozidi tukagawana. Za wateja zilikuwa zangu, kwenye fremu, maana zilitaka mshono mdogo mdogo. Pamba yote, ya wateja na ya kanisa, uliipokea na kuigawa wewe. Za watoto hazikuhitaji fremu. Zilifungwa tu kwa mafundo ya nyuzi, na hizo ukazichukua wewe, ukazijazia kule nyuma kwenye kibaraza cha jikoni. Mimi niliziona mwishoni tu, za kuzungushia ukingo. Nikasema, dada yangu ana moyo, ameacha sifa za wateja achague kazi isiyo na shukrani. Nilisimama kanisani nikakusifu mbele ya watu. Hilo nalo likinijia huwa natema mate.

Miaka ya sabini ilipoingia, kila mwanamke wa mji huu alitaka nywele zinyooshwe kwa kitana cha moto au zifungwe uzi, na Kenyatta Market ikajaa saluni. Ukawa unarudi kutoka huko unanuka mafuta na kuungua. Kwilti za watoto nazo zilinuka hivyo kidogo, nikadhani ni kichwa chako ukiziinamia. Wasichana wa saluni waliponiona sokoni walikuwa wakinitania: "Mama, dada yako ni mkulima kweli. Kila jioni anakuja kubeba nywele ya kuweka kwa sukuma." Nami nilikuwa na sukuma wiki nyuma ya nyumba, na ilikuwa imestawi. Nikacheka nao.

Kisha akaja matroni Ndunge, yule Mkamba mpole wa nyumba ya watoto yatima. Ilikuwa Julai, baridi ile ya kuingia mifupani. Wewe ulikuwa mjini kununua nyuzi. Aliingia amekumbatia kwilti moja iliyoachia mshono pembeni.

"Sikuji kulalamika," akasema. "Nimeona mnajitolea. Ni hii tu imefunguka hapa kando. Halafu watoto wanasema inawawasha."

Akanisimulia polepole huku akinywa chai. Kwanza walidhani ni upele, wakawapaka dawa watoto wote. Upele haukuonekana. Basi wakadhani ni chawa, wakawanyoa vichwa, wasichana kwa wavulana. Kasichana kamoja kalilia siku nyingi kakiuliza nywele zake zimepelekwa wapi. Na kuwashwa hakukuisha.

Niliingiza mkono kwenye ule mpasuko nione pamba imejikusanya wapi. Vidole vikakuta kitu kigumu chenye mafuta. Nikavuta, zikatoka nywele. Nywele za watu, Truphena. Nyeusi, na nyekundu za kuungua, na mvi za mama wa mtu, zimeshikamana kwa mafuta yaliyochacha, na katikati yake kipande cha msuko bado kimefungwa uzi mweusi, fundo halijafunguliwa. Pamba ilikuwa utando tu, juu na chini, wa kudanganya kiganja. Ile nyingine yote ya kanisa ilikuwa imelala Spring Valley, ndani ya kwilti nene nilizoshona mimi mwenyewe, wenyewe wakizionyesha kwa wageni. Watu kwa kawaida husema kikulacho ki nguoni mwako. Wale watoto walikuwa wametafutwa chawa kichwani wakati kinachowala tumekishona sisi.

Nilikimbia nje nikatapika juu ya sukuma.

Uliporudi ulikuta rundo liko mezani. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yako, kwa magoti yako. Wewe ulivua viatu kwanza.

"Kwani hiyo ni sumu?" ukasema. "Godoro ya memsabu ilikuwa na nywele ya farasi ndani, na alikuwa analala mzuri tu. Mimi ndio nilikuwa naipiga fimbo kwa jua, naijua."

"Farasi hana ndugu wa kumuuliza nywele yake imeenda wapi. Hizi ni za watu."

"Watoto hawajui."

"Wewe unajua."

"Na pamba ingetoka wapi ya kutosha wote? Wale wa Spring Valley wangekubali kwilti ya kukonda?"

Ulikuwa na jibu kwa kila kitu. Ningeweza hata kukusikiliza, maana wizi wa pamba, tuseme kweli, ni uchafu ambao mji huu umeuzoea. Lakini nilikuwa nimeikumbuka leso yako.

Mama alipotunyoa utotoni alitandaza jani la mgomba chini ya vichwa vyetu. Alikusanya mpaka unywele wa mwisho, akauzika, akaukanyagia udongo, kwa sababu nywele zako mikononi mwa mtu usiyemjua ni wewe mwenyewe umeshikwa. Mimi nilibatizwa nikayaacha hayo. Wewe hukuyaacha. Miaka yote, kila ulipotoka saluni, nywele zako ulizirudisha nyumbani zimefungwa kwenye ile leso nyeupe, ukazitia jikoni kwenye makaa, ukasimama hapo mpaka ziishe, ukakoroga majivu. Nilikuwa nikikutania kwa hilo. Zako ziliungua salama. Za wengine, ambazo wewe mwenyewe uliamini ni hatari, ukawafunika nazo watoto wasio na mama wa kuwatandazia jani.

Nikakuuliza: "Na leso je?"

Hapo ndipo ulipoangalia sakafu. Hukujibu, na hujajibu mpaka leo. Nikajua kwamba hukukosea. Ulichagua.

Ulirudi nyumbani na gari la moshi wiki hiyo hiyo. Mume wangu alikusindikiza stesheni. Mimi nilibaki nafumua. Nilikwenda kuzikusanya kwilti zote kwa matroni, nikazifungua moja moja uani, nikazichoma zile nywele. Unajua majirani walifanyaje? Walisikia harufu wakadhani nababua kichwa cha mbuzi. Mama wa nyumba ya pili akaja na bakuli lake, akiniambia kwa upole, "Usinisahau kwa supu." Kenyatta Market nzima inakula nyama choma, na mimi mpaka leo nikipita pale wanapobabua vichwa hubana pua kwa kanga na kuharakisha. Pamba mpya niliitoa kwangu. Wateja walipolalamika niliwaambia wasubiri.

Wengine wanadai miaka hulainisha mambo. Miaka imelainisha mengine. Naona bado mgongo wako ukitangulia na fremu, na nikisikia mtu anajibu wazee kwa jeuri yako ile hucheka peke yangu. Nimekukosa, na nachukia kwamba nimekukosa. Lakini hili la nywele halijalainika hata kidogo, na wiki hii umeniletea tena mezani kwangu na kuniomba nitabasamu.

Nikuambie pia nililolifikiria. Saluni bado zipo. Bado wanafagia jioni, na gunia ninalo. Wazo hilo lilikaa nami siku mbili, likiniangalia nikipika. Nilijiona mchafu mwili mzima, nikaoga, halikutoka. Kisha nikaelewa salamu zako. "Pamba nzuri" haukuwa ujeuri, kama nilivyodhani mbele ya Mama Jescah. Ni hofu. Wewe peke yako duniani unajua kitu gani kinaweza kushonwa ndani ya blanketi la mtoto na mwenye mtoto asijue, kwa sababu wewe ndiye uliyekishona.

Basi tulia. Nimeimaliza. Pamba ni ile ile ya wateja wa Spring Valley, nimeianika juani na kuichambua kwa vidole, na nimeiweka nene. Mgongo ni flaneli laini, huko kwenu asubuhi kuna umande. Mtoto wa Evalini hajanikosea kitu. Usingizi haujui nani amelipa. Maneno hayo ulisema wewe, na wewe ulipoyatupa mimi niliyaokota.

Mama Jescah anarudi keshokutwa na atakuletea. Ukingo nimeuzungusha wote isipokuwa pembe moja, upana wa mkono. Usidhani uzi uliniishia. Kabla hujamfunika mjukuu wako, kaa chini, uingize mkono wako hapo mpaka kwenye kiwiko, utafute. Tafuta kila kona, kama nilivyotafuta mimi. Ukishaamini, pafunge mwenyewe. Sindano nimeichomeka kando ya hapo, na kwa sababu macho yako hayaoni tundu, uzi nimekutungia.

Ni mimi, mdogo wako.