Kitabu Kinasema Nilikuwa Jikoni

Voi, Ijumaa, Machi 1955

Jua kali tangu asubuhi, masika bado hayajaonekana, na upepo unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria. Nimekasirika. Naliandika neno hilo kwanza ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba nilikuwa nimechoka tu.

Jibu la Nairobi limekuja. Karani wa ofisi aliniita saa nne, akanisomea barua yeye amekaa na mimi nimesimama. Maneno yenyewe ni machache nami nimeyashika yote: kitabu cha askari aliyetajwa kimechunguzwa na kuonekana ni sahihi.

Kimechunguzwa vipi? Wamefungua kitabu kile kile ninachokilalamikia, wakakiuliza kama kimekosea, kikawajibu hapana.

Kitabu changu cha jeshi kinasema nilikuwa mpishi wa kambi ya Nairobi tangu siku niliyoingia hadi siku niliyoachwa. Mwanzo wake ni kweli na siuonei haya. Nilipika maharagwe na posho miezi mitano. Halafu tulipelekwa Mombasa kuwapikia wanaosubiri meli, na siku yenyewe ya kupanda, mbeba machela mmoja akashikwa na matubwitubwi, mashavu yakamvimba hata ukanda wa kofia haukufunga. Afisa akatazama huku na huku, akaninyooshea fimbo. Nikapanda meli na kofia ya mgonjwa na viatu vyangu vya jikoni. Hakuna aliyeshika kalamu. Nilikaa Bama, kwenye vita na Wajapani, zaidi ya mwaka, nikabeba watu katika tope la magoti, na niliporudi nikarudishwa kambi ile ile. Karani wa kitabu akaendelea kuandika pale alipoachia, kana kwamba nilikuwa nimetoka kidogo kuteka maji.

Ndiyo maana wenzangu walipoletewa Nyota ya Bama katika visanduku vyao vidogo, mimi sikuletewa kitu. Nilisema nishani ni za watoto kuchezea. Nililisema hilo mara nyingi, tena kwa sauti. Ukweli ni kwamba niliona wivu, na Wakesho mke wangu alijua, maana kila nilipolisema yeye alitazama pembeni.

Ningeweza kuishi hivyo mpaka nizeeke. Ni ile baraza ya mwaka jana iliyoharibu mambo.

Ilikuwa Wundanyi. Sisi askari wa zamani tulikuwa tukiitwa mmoja mmoja, wenye nishani wakae viti vya mbele. Msomaji alipofika kwenye jina langu akasoma kama ilivyoandikwa: mpishi, Nairobi. Watu wakacheka. Sidhani walikuwa na ubaya, maana mtu aliyewasimulia Bama miaka yote hii akitajwa kuwa mpishi wa Nairobi, hata mimi ningecheka. Jirani yangu mmoja akauliza kama Wajapani walipenda ugali laini au mgumu. Nikasimama nyuma pamoja na wasio na kitu.

Katika watu wale alikuwapo mama yake Mwadime. Yeye hakucheka.

Mwadime alikuwa wa Mwanda. Tulikutana huko huko Bama, Wataita wawili, tukashikana kwa sababu ya lugha. Alipigwa tumboni. Machela yake niliibeba mimi mbele na Salimu wa Mata nyuma, na alipokufa tukamzika sisi wawili kando ya mto. Niliporudi nyumbani, kabla hata sijalala kwetu, nilipanda Mwanda nikamweleza mama yake yote: blanketi tuliyomfungia, mawe matatu tuliyoweka kichwani kama mafiga, na mti uliokuwa karibu, ambao jina lake silijui lakini ganda lake lilikuwa jeupe.

Zamani wazee wetu waliwapeleka wafu wao pangoni wakalale na baba zao. Yule mama hana mfupa hata mmoja wa kulaza popote. Ana maneno yangu tu. Aliyashika miaka tisa, akawa ananiita mwanangu, na kila mavuno alikuwa akinitumia kikapu cha viazi vitamu kwa lori linaloshuka Voi.

Wiki moja baada ya baraza alishuka mwenyewe. Hakugusa chai. Alikaa ukingoni mwa kiti akaniuliza, "Baba Nyambu, nataka neno moja tu. Mwanangu ulimzika kwa mikono yako, ama ulisikia kwa watu?"

Nikamwambia nilimzika kwa mikono yangu. Akaitazama mikono yenyewe. Akasema, "Haya," akachukua leso yake akaondoka. Viazi havijaja tena.

Sasa nani atanielewa? Mimi sikuiomba ile nyota ili ining'inie kifuani siku za sherehe. Naitaka niipeleke Mwanda, niiweke kwenye kiganja cha yule mama, aone kwamba serikali nayo inasema nilikuwako.

Kwa hiyo niliomba kitabu kirekebishwe. Karani akataka shahidi, awe mtu mwenye nishani ya vita hiyo hiyo. Nikapanda treni ya Taveta nikamtafuta Salimu huko Mata, nikamkuta shambani kwake kwenye migomba. Yeye ana nyota yake, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na hirizi za watoto. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. "Wallahi ndugu yangu, bega langu hili lalala upande kwa sababu yako, ulikuwa ukienda mbio mno. Leo waniambia hukuwako?" Akaacha jembe lake, akaja nami mpaka Voi, akala kiapo mbele ya karani, akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi.

Na leo karani ananiambia kidole cha Salimu hakikutosha. Kitabu cha Salimu kipo sawa, anasema, lakini hakinitaji mimi. Nikamuuliza tangu lini kitabu cha mtu kikaandika majirani zake. Akavua miwani akaifuta. "Mzee, ukishaandikwa umeandikwa. Serikali haiwezi kukaa inafuta maneno kwa sababu mtu amekumbuka."

Mimi ni mwasha taa wa stesheni. Kila jioni napanda ngazi za ishara za reli, natia mafuta, nakata tambi, nawasha, kisha naandika kitabuni taa ipi imewashwa na saa ngapi. Nikikosea napiga mstari mmoja, naandika lililo sahihi, natia sahihi yangu pembeni. Ni kazi ya muda wa kupiga chafya. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kwa vile nimeandika taa inawaka, basi treni ipite hata kama kuna giza.

Nilimwambia hivyo, na nikapiga meza yake, wino ukamwagika kwenye karatasi zake. Askari wa mlangoni akaingia akasimama nyuma yangu. Nikatoka mwenyewe. Nimejaribu kujutia ule wino tangu mchana na bado haijawezekana.

Nyumbani nilimkuta Wakesho mlangoni na Nyambu mgongoni. Mtoto ana homa siku ya tatu. Zahanati wamempa dawa, na Wakesho anampa kama walivyosema. Lakini alipoona uso wangu aliingia ndani akarudi na kikombe cha maji, akanipa.

Nilijua anataka nini. Wazee wetu walisema hasira ikikaa kifuani mwa mtu haimli yeye, inamtafuta mdogo wa nyumba. Dawa yake ni kutasa: unajaza maji kinywani, unayarusha nje, unasema umeiachilia, hakuna neno lililobaki moyoni. Kanisani tuliambiwa tuyaache hayo, na Wakesho ndiye anayeimba mbele kila Jumapili. Lakini mtoto akiwa na homa, mama hachagui mlango wa kubisha. "Baba Nyambu, hata kama huamini," aliniambia. "Tema tu."

Nikajaza maji kinywani. Nikamtazama mwanangu, macho mekundu, midomo imekauka. Nikajaribu kutafuta ndani yangu ile sauti ya kusema yamekwisha.

Nikameza.

Wakesho alichukua kikombe akaenda nacho nyuma ya nyumba. Anadhani nimekataa kwa kiburi. Ningependa iwe kiburi. Kutema ni kusema moyo mweupe, na moyo wangu si mweupe, na sababu yake si karani peke yake. Hili sijamwambia yeye wala mtu yeyote.

Nilimwambia mama yake Mwadime kwamba mwanawe alilala tu, kama mtu aliyechoka.

Hakulala. Alilia siku mbili. Alimwita mama yake kwa Kidawida, lugha yetu, kwa sauti kubwa, na Wajapani walikuwa ng'ambo ya mto. Siku ya pili nilimfunga mdomo kwa kitambaa changu cha jikoni, ili tusife sote. Alikufa kitambaa kikiwa bado mdomoni. Salimu alikuwa ameshika miguu yake.

Kwa hiyo mtu anayepiga meza za watu kwa sababu kitabu kimeandika uongo, naye ameandika wake, miaka tisa, kwenye moyo wa mama wa watu. Tofauti yangu na karani ni kwamba mimi nilijua ninachoandika.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa na hasira haijapungua hata kidogo. Ila sasa ina pande mbili, na mmoja unanitazama mimi.

Jumatatu nitaandika barua nyingine Nairobi. Wasidhani wamenimaliza. Nitaandika kila mwezi mpaka wachoke kufungua barua zangu. Lakini yule mama hatanisubiri, ni mzee, na Nairobi hawana haraka.

Juma lijalo nina siku mbili za mapumziko. Nitamleta Salimu kutoka Mata nipande naye Mwanda. Ataingia ndani peke yake, mimi nibaki nje kwenye migomba, ili mama asije akadhani namwelekeza Salimu kwa macho. Atasimulia blanketi, mawe matatu, mti wenye ganda jeupe. Mama atajua kwamba nilikuwako.

Na atamuuliza mwanawe alikufaje. Mama yeyote atauliza. Salimu hajui kudanganya, tena ni mtu wa kiapo. Nimefikiria nimwombe mapema aliruke neno hilo. Nimefikiria sana, mpaka kalamu imekauka mara mbili.

Sitamwomba.

Saa kumi na mbili inakaribia, taa zangu zinaningoja. Nyambu amelala na paji la uso lina jasho, pengine homa inashuka, sijui. Juma lijalo, Salimu akimaliza kusema, nitaingia na kikombe cha maji nimwekee yule mama mkononi. Ateme au ameze, hiyo ni juu yake.