Barabara ya Meru Kama Ulivyoisimulia

Baba,

Ni mimi, Wawira. Nimefika Meru na nimerudi, na safari ilikuwa nzuri.

Najua unacheka. Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba msafiri akiulizwa habari za safari hujibu "nzuri" hata kama lori limepinduka, kisha hukalishwa na kupewa uji, na kibuyu kikishapungua ndipo habari yenyewe huanza. Basi mimi uji wangu nimeshakunywa. Nisikilize, kwa sababu katikati ya njia ile nilikukasirikia kuliko nilivyowahi kukukasirikia ulipokuwa hai.

Tangu tukuzike mambo yamelegea kidogo hapa kijijini. Handaki tulilochimbishwa kuzunguka nyumba zetu linaanza kufukiwa na mvua, na homgadi anayelinda mlango wa kijiji siku hizi anasinzia zaidi ya anavyokagua. Hali ya Hatari waliyoitangaza Wazungu haijaisha, lakini mtu akiomba pasi ya kusafiri hapigwi maswali mpaka jasho limtoke. Nikaomba ya kwenda Meru. Nilisema nakwenda kuchukua koti lako na chupa yako ya chai kwa Mzee Athumani, tajiri wako mwenye lori, na hilo lilikuwa kweli. Ila nilitaka pia kuiona ile barabara.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiisimulia? Miaka yote hiyo tumefungiwa huku karibu na Manyatta ya Embu, mtu haruhusiwi hata kwenda kumzika shangazi yake, na wewe kwa sababu ya udereva ulikuwa na pasi. Lori likileta mzigo Embu ulikuja kulala nyumbani, na kabla hujavua viatu wanawake walikuwa wameshajaa uani. Hawakutaka siasa. Walitaka njia. Nawe uliwapa njia yote, tangu mlangoni kwa Mzee Athumani, ukavuka Kathita, Thingithu, Mutonga, Nithi, Thuci, Ena, mpaka kwetu. Hukuruka mto wala boma. Kwa fulani mahindi yamebeba, kwa fulani wameezeka upya. Ukimsahau mtu, mwenye ndugu pale alikukatiza: "Rudi, dereva, umetupita!" Ukapiga rivasi kwa mdomo, brrrr, watu wakacheka, ukaanza tena kutoka mto wa nyuma. Sijui nyumba nyingine ambayo watu walicheka hivyo miaka ile.

Cucu Ciarunji, bibi jirani yetu aliyeolewa huku kutoka upande wa Chuka, yeye alingoja Nithi tu. "Ciambaka nimemwona," ulimwambia kila safari. "Dada yako yuko chini ya ule mti wake wa muringa, anapepeta wimbi. Ameinua ungo kunisalimu." Hapo Cucu alifumba macho, na hakuna aliyethubutu kukuharakisha.

Na mimi mwalimu mpya, nimetoka kusoma ualimu, na kisirani changu cha kutaka kila kitu kiwe sawasawa! Nilikuwa nakwambia unatia chumvi. Nikakuletea kitabu cha Mzungu mmoja aliyeuzunguka mlima wetu zamani, nikakutafsiria jioni nzima ili uone safari inavyoandikwa. Ulisikiliza kwa heshima, mguu juu ya mguu. Tukapitia homa yake na hema lake na namna alivyoukosa usingizi, tukafika mahali alipobebwa mgongoni kuvuka mto. Ukauliza, "Aliyembeba anaitwa nani?" Nikatafuta. Hakutajwa. "Nani alimpikia?" Hakutajwa. Nilidhani utamcheka, lakini ulimsikitikia kweli. "Maskini," ukasema, "alirudi kwao akakosa mtu wa kumwambia ametupita."

Sasa ngoja nikwambie kuhusu Nithi.

Tulipokuwa tunakwenda, dereva aliyechukua nafasi yako alisimama pale kutia maji kwenye rejeta. Nikashuka mbio, nikatazama ng'ambo ulikokuwa ukituonyesha kwa maneno. Muringa upo. Umeungua upande mmoja. Chini yake ni magugu, Baba, magugu mpaka kiunoni, hakuna paa, hakuna mzinga wa nyuki uliotundikwa, hakuna hata jiwe la jikoni. Mama mmoja aliyekuwa akiteka maji alinielekeza kwa kidevu juu ya kilima, kwenye kijiji kama chetu, mapaa yamebanana ndani ya handaki. Aliniambia kwa Kichuka, nami nikamwelewa vizuri kuliko nilivyopenda. Watu wote wa ukingo ule walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa. Ciambaka hakumaliza msimu mmoja kule juu. Kifua.

Nikamuuliza lini. Akasema zamani, tangu handaki likiwa jipya. Na wewe mwaka jana tu ulituambia ameinua ungo.

Nilirudi kwenye lori sioni mbele. Kutoka hapo nikawa nahesabu maboma yako kwa macho, na mengi hayapo. Yale mahindi yaliyobeba, ile nyumba iliyoezekwa upya, vyote majani. Nikasema moyoni, kumbe baba yangu alikuwa anawachezea wanawake waliofungiwa. Niliona aibu, nikalia, yule dereva akajifanya anatazama barabara. Tena Cucu alikuwa nyumbani ananingoja nirudi nimpitishe Nithi! Nikisema nilichoona, nimemzika dada yake uani mbele ya watu, nawe nimekufanya mwongo ukiwa kaburini. Nikisema vingine, mwongo ni mimi.

Mzee Athumani alinipokea kama binti wa nyumba. Chai ya tangawizi, mahamri, koti lako limefuliwa na kukunjwa. Nilipomuuliza kama ulikuwa na tabia ya kubuni mambo, alitoa karatasi za babu yake, aliyetembea na misafara kutoka pwani, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, akanisomea kwa sauti ya chini. Zinaanza kwa jina la Mungu. Kisha ni vituo: hapa maji ni matamu, hapa wenyeji walitukirimu, hapa mzigo ulianguka, hapa tulimzika mwenzetu fulani bin fulani. Akasema watu wake waliandika hivyo ili anayekuja nyuma asife kwa kiu, na mama wa yule aliyezikwa ajue pa kuelekeza dua yake. "Baba yako akipenda sana kusomewa hizi," akaniambia. "Siku moja akasema, 'Mzee, hii hata sisi tuko nayo nyumbani, lakini yetu iko ya mdomo.'"

Nikaamua nitasema kweli. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayapanga maneno.

Uani walijaa kama zamani zako. Nikasema "nzuri", nikanywa uji, nikaanza mlangoni kwa Mzee Athumani. Kathita, Thingithu, Mutonga. Nilipofika Nithi yale maneno yote niliyoyapanga yakaniruka. Nikabaki nimeshika kibuyu kitupu.

Cucu ndiye aliyesema. "Sema tu, mwana wa dereva. Boma lilichomwa, na Ciambaka alikufa. Baba yako aliniambia safari ile ile aliyopata habari, tukiwa wawili kando ya handaki, nina jembe mkononi."

Nikawatazama wengine. Hakuna aliyeshtuka. Baba, wote walikuwa wanajua! Kila mmoja ulimpa habari za watu wake pembeni, peke yake, kabla ya kuwataja mbele ya wengine. Ila mimi, kwa kuwa hatukuwa na ndugu kwenye barabara ile, sikuwa na cha kuambiwa.

"Mimi ndiye nilimwambia asimpite Ciambaka," Cucu akasema. "Pasi walininyima, kaburi la dada yangu sijaliona. Njia ya kwenda kwake ilikuwa hiyo moja tu."

Kisha akajifuta pua kwa shuka na kuniamuru, "Haya. Umetupita. Rudi."

Nikapiga rivasi. Mbaya sana, nilitoa sauti ya mbuzi, wakacheka mpaka homgadi akaamka. Nikaanza tena Mutonga, nikashuka Nithi, na chini ya muringa nikamkuta Ciambaka na wimbi lake, akainua ungo. Nikapunguza mwendo kama ulivyokuwa ukifanya. Tulipoikaribia Thuci, Cucu, macho bado ameyafumba, akaniuliza, "Na baba yako? Yeye umempita wapi?"

Unanijua nilivyo. Lakini ilitoka yenyewe. "Nimempita hapa hapa Thuci," nikasema. "Amefungua boneti, anatia maji, anaimba vibaya. Amenipungia kitambaa, amesema nisimngojee."

Nilikuona, Baba. Tangu tukuzike hiyo ndiyo mara ya kwanza nimekuona.

Nimeanza kuiandika barabara yako. Boma lililopo nitaliandika, na lililochomwa nitaliandika na watu wake, na aliyezikwa nitataja jina lake na la baba yake. Nikimaliza nitawasomea wanawake uani, ili wanirudishe nyuma nilipopita mtu. Hilo nakuahidi.

Koti lako nimelivaa ninapoandika, mikono yake inanizidi. Pumzika sasa. Mimi kila nikifika Thuci nitapunguza mwendo. Wewe endelea tu kutia maji.

Mwanao,
Wawira